Jina la Hemedi kwenye Fomu ya Kibali

Mkwaja, Jumanne, 7 Juni 1994

Leo ni mwaka mmoja na miezi minne tangu nilipotoka nyumbani Makorora.

Mwanangu Saumu,

Marahaba. Barua yako ilinifika jana mkononi mwa dereva wa lori la chumvi, imekunjamana na ina alama ya mafuta, lakini kila neno lilisomeka. Lori linarudi Tanga kesho alfajiri na wewe unaondoka keshokutwa, kwa hiyo nimeomba nusu siku nikae niandike. Msimamizi amenipa kwa shingo upande. Aliponiona na karatasi nyingi akauliza nina kesi gani. Nimemwambia namwandikia binti yangu anayekwenda kusomea ualimu Songea. Akaenda zake.

Mambo ya safari sitayagusa. Sabuni, shuka, chakula cha njiani, nani ukae naye kwenye basi, hayo mama yako anayajua kuliko mimi na najua amekwisha kukuchosha nayo. Mimi nataka kujibu ulichoniuliza. Umeandika hivi: "Baba, watu wa mtaa wameniomba niwaandikie fomu ya kibali cha mkutano wa kiwanja kabla sijaondoka, kwa kuwa mwandiko wangu unafanana na wako. Kuna sehemu ya majina ya wasemaji. Nijaze yote? Na safari hii Gulamu hatumwambii kitu, maana ndiye aliyemwuza Hemedi."

Nilikuwa nimesimama kwenye bwawa la chumvi, maji kwenye vifundo vya miguu, nikaisoma sentensi ile ya mwisho mara tatu. Wenzangu waliniuliza nani amekufa.

Gulamu hakumwuza Hemedi. Aliyemwuza ni mimi baba yako. Sikutaka uende Songea ukiwa na uongo wangu ndani ya kichwa chako, tena ukiusema kwa kujiamini namna hiyo. Mengine unayajua, ulikuwepo, lakini yale uliyoyaona ni ya nje. Nitayaandika yote.

Unakikumbuka kiwanja kilivyokuwa kabla ya ukuta. Kilikuwa hakina mwenyewe kwa sababu wenyewe tulikuwa wote. Sala ya Idi pale, mpira pale na magoli ya miti ya mkonge, maulidi pale, na msiba ukizidi nyumba mikeka inatandikwa pale. Pembeni, upande wa barabara, Hemedi na kibanda chake cha mabati matatu anaziba pancha. Miaka kumi na saba. Baiskeli ya kwanza uliyoanguka nayo ilikuwa yake, na alikucheka mpaka ukasahau kulia.

Halafu zikaja hizi zama za ruksa. Sisemi kwamba zote ni mbaya. Tulikuwa tumechoka kupanga foleni ya sukari toka alfajiri, tukaambiwa ruksa, na kweli vitu vikaonekana. Ruksa mitumba, ruksa sabuni za kila rangi, ruksa mtu kujenga ghala akiwa na uwezo. Na ruksa mtu mwenye uwezo huo kupewa kiwanja chetu ofisini, kimya kimya, bila mtu yeyote wa Makorora kuulizwa. Hemedi ndiye aliyeona. Ijumaa moja watu wako msikitini, yeye mguu ulikuwa umevimba hakwenda, akaona watu wa vipimo wanapiga vigingi. Akawauliza. Mmoja akamwambia, "Mzee, hapa pamekwisha gawiwa, tafuta pa kuhamia."

Tukakaa barazani kwa Gulamu, pale dukani, Hemedi akatusimulia. Watu wakapandisha hasira. Tukasema tufanye mkutano, Jumamosi ya wiki mbili mbele, baada ya alasiri, palepale kiwanjani, tuseme hatutaki. Ndipo mmoja akauliza, "Kibali je?" Na mimi, kwa kuwa nilifika darasa la saba na mwandiko wangu unasifiwa, nikasema, "Hilo niachieni."

Saumu, nilizungushwa wee! Balozi wa nyumba kumi akataka kujua kuna nini, akaandika kikaratasi. Kikaratasi nikakipeleka kwa katibu wa kata, akasema hakina muhuri. Nikarudi. Muhuri ulipopatikana nikaambiwa niende ofisi nyingine, ile nyingine ikanituma polisi nikaulize kama wana pingamizi, polisi wakasema hawawezi kuwa na pingamizi mpaka ofisi iwaandikie. Siku kumi na moja, na kila siku nilivaa shati langu la sikukuu. Kila kiti nilichokalia nilikalia ukingoni. Nikienda kuomba nini? Ruhusa ya kusimama mahali ninaposimama kila siku na kusema kwa majirani zangu maneno ninayoyasema kila siku. Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka. Mtu akitaka kukigawa kiwanja haombi kibali kwetu. Sisi tukitaka kuuliza kwa nini kimegawiwa, tunaomba kibali kwake.

Mwisho nikafikishwa kwa karani mmoja, kijana mpole, ana kalamu mbili mfukoni. Akanipa fomu. Jina la msemaji. Kazi yake. Mahali anapofanyia kazi. Atasema nini.

Nikamwuliza, "Hata atakachosema?"

"Ni utaratibu tu, mzee. Andika kwa kirefu. Fomu zikija nusunusu ndizo zinazokataliwa."

Nikaandika jina langu. Akainama akatazama. "Ala! Mwandiko huu! Weye karani mzima, umepotelea wapi?"

Hapo ndipo nilipokwisha, mwanangu. Nimebeba magunia ya katani maisha yangu yote na hakuna mtu wa ofisi aliyewahi kuniambia neno zuri. Nikaandika kwa herufi za kupendeza, taratibu, kama niko mbele ya mwalimu. Hemedi, fundi baiskeli. Anafanyia kazi pembe ya kiwanja, upande wa barabara. Atasema kwamba aliwaona watu wa vipimo wakipiga vigingi siku ya Ijumaa, wakati wa sala, na mmoja wao alimwambia kiwanja kimekwisha gawiwa. Mstari ulikuwa mdogo, nikamalizia nyuma ya karatasi.

Hemedi sikumwuliza. Sikumsomea. Niliona ni jambo la kawaida, si atasimama hadharani aseme mwenyewe?

Na nilikuwa nimekanywa. Siku moja kabla ya kujaza fomu nilikwenda kwa Gulamu kuomba karatasi na wino, nikamwambia na yeye nitamwandika, aseme kidogo, maana kazaliwa Makorora kama mimi na babake kazikwa Tanga. Akatikisa kichwa.

"Bakari, miye nikisimama pale, kesho wataambiana Mhindi anakitaka kiwanja. Karatasi nitakupa, wino nitakupa, na kile kipaza sauti cha harusi nitakupa. Jina langu liache dukani, lipime mafuta ya taa."

"Mwoga weye."

"Mwoga, ndiyo. Na Hemedi pia, ukimwandika usiandike mahali anapofanyia kazi. Yule pale hana karatasi ya kukaa pale. Unawafungulia mlango."

Nikamcheka. Nikasema biashara imekutia woga mpaka kwenye mifupa.

Mkutano ulikuwa Jumamosi. Alhamisi wakaja mgambo na pikapu. Sikuwepo, nilisimuliwa na Hemedi mwenyewe. Walichukua benchi, pampu, spana zote, hata gurudumu la mteja. Wakamwuliza, "Una leseni ya kukaa hapa?"

"Nina miaka kumi na saba hapa."

"Umeulizwa leseni, hukuulizwa umri."

Na walipokuwa wanapakia, mmoja akacheka akamwambia, "Watu wa vipimo uliwaona Ijumaa. Basi leo umetuona na sisi."

Hemedi aliponiambia maneno hayo nikajua yametoka wapi. Habari ya Ijumaa nilikuwa nimeiandika mimi, kwa mkono wangu, na kumalizia nyuma ya karatasi.

Jumamosi watu walikuja. Sijawahi kuona kiwanja kimejaa vile isipokuwa Idi. Kipaza sauti cha Gulamu kilikuwa mezani. Jibu la kibali lilikuwa halijaja. Na serikali ilituma nini, unadhani? Askari mmoja. Mmoja tu, amesimama kwa mbali anamenya chungwa. Alipomaliza akaja kwangu bila haraka.

"Kibali kiko wapi?"

"Hakijatoka, afande."

"Basi waambie."

Hakunishika mkono, hakunipigia kelele. Akarudi kwenye maganda yake ya chungwa. Na mimi nikachukua kipaza sauti, nikawaambia watu zaidi ya mia waliokuja kwa miguu yao, "Jamani, kibali hakijatoka. Turudi nyumbani, tufuate utaratibu."

Bi Mwanaasha, muuza vitumbua, akapaza sauti kutoka nyuma. "Weye Bakari! Mie kila asubuhi watu wananijazania hapa hivihivi, hakuna aliyetaka kibali. Leo kwa kuwa hatuli?"

Watu wakacheka. Mwingine akasema, "Sema hata salamu tu, tuone kama utakufa."

Sikusema hata salamu. Nilikunja waya. Wakatawanyika polepole, wananiangalia. Hilo ndilo linalonitesa kuliko pikapu. Hawakuhitaji marungu. Walikuwa na mimi. Mtu ukimzungusha siku kumi na moja akiomba ruhusa, siku ya kumi na mbili anakuwa askari wako bila kulipwa.

Jibu lilikuja Jumatano iliyofuata, limepigwa muhuri vizuri. Lilisema ombi langu limepokelewa na linashughulikiwa. Wiki hiyohiyo wakaanza kuchimba msingi wa ukuta. Nusu ya kiwanja ikaenda.

Jioni ya Jumatano ile Hemedi alikuja mlangoni. Wewe ulikuwa ndani. Hakukaa. Akaniuliza, "Bakari, nani aliyewapa habari za Ijumaa? Mimi nilizisema barazani tu."

Nikasema, "Sijui." Na ningeishia hapo ningekuwa mwoga tu. Lakini aliendelea kunitazama, nikaongeza, "Labda dukani."

Maneno mawili. Kesho yake mtaa mzima ulikuwa nayo. Si mnaona, jina la Gulamu halikuwemo kwenye wasemaji, alijuaje kujitoa? Mliyosikia ninyi watoto yote yalianzia hapo. Maneno ya mkaa aliyoandikiwa mlangoni, wanawake kwenda kununua mafuta ya taa Nguvumali na duka liko hatua ishirini, watoto kumzomea mkewe. Mtu aliyetupa karatasi, wino na kipaza sauti, na aliyekuwa wa pekee kumtetea Hemedi kabla halijatokea lolote. Mimi napita pale kila siku, ananiamkia, "Bakari, habari za asubuhi," nami najibu nzuri.

Alijua. Sina shaka alijua, maana yeye ndiye aliyenikanya. Hajanisema kwa mtu hata mmoja.

Mama yako nilimweleza. Aliniambia neno moja tu: "Kamwambie Hemedi." Nikasema kesho. Kesho ikawa keshokutwa, na keshokutwa nikasikia huku Mkwaja wanatafuta watu wa kukwangua chumvi. Kila mtu akafikiri nimekimbizwa na njaa, na wewe ukalia, ukaniita baba mvumilivu. Kazi ilikuwa haba, ni kweli. Lakini kazi ilikuwa haba miaka yote na sikuwahi kuondoka. Nilikimbia benchi la Hemedi lisilokuwepo. Barua za mama yako ni fupi, umeona? Hajaona haja ya kurefusha.

Huku nimepata muda wa kufikiri, maana chumvi haizungumzi. Mikono imepasuka, jua linatoka juu na linatoka chini. Hata hapa tukikaa watu watano kivulini msimamizi anauliza, "Kikao cha nini?" Mzee mmoja Mbondei tunayelala naye chumba kimoja humjibu, "Cha kuhesabu vidole, bosi, tumeona kimepungua kimoja." Tunacheka, lakini tunainuka. Tumezoea kuinuka. Juzi redio ilitangaza tena kwamba sasa kuna vyama vingi na kila mtu yuko huru kutoa mawazo yake. Mzee yule akauliza kama kuna fomu.

Sasa swali lako. Nimeliwaza usiku na mchana na sina jibu la kitabu.

Sikuambii usiiandike. Nusu iliyobaki ikienda, mikeka ya msiba itatandikwa barabarani. Na sikuambii watu wakutane bila karatasi, maana wewe utakuwa Songea na wao ndio watakaobaki na pikapu. Hilo ni lao kuamua, si lako wala langu. Lakini nakuomba, kabla hujaandika jina la mtu, nenda nyumbani kwake. Mwambie fomu inataka nini. Mwambie nani ataisoma. Ukimaliza kuandika msomee, polepole, hata kama anajua kusoma, halafu umwulize kama bado anataka. Akisema hapana usimwite mwoga. Mimi nilimwita mwoga mtu aliyekuwa anaona mbele kuliko mimi. Mahali pa kazi usiandike pa mtu yeyote. Na anachotaka kusema andika hivi tu: atazungumza kuhusu kiwanja. Karani akikuambia fomu nusunusu zinakataliwa, mwache aikatae. Akikusifia mwandiko, funga kalamu.

Utakuwa mwalimu. Utakuwa na daftari la majina mezani na watoto watakuogopa kwa sababu ya daftari hilo. Ofisi zitakuja kukuomba orodha, nani baba yake alisema nini, nani hakuja kwenye sherehe gani. Watakuja kwa upole, na kalamu mbili mfukoni. Siwezi kukwambia utafanyaje siku hiyo. Nakwambia tu kwamba inakuja, na haifanani na siku mbaya. Inafanana na siku ya kusifiwa.

Nina hasira, Saumu, na sitaki ufikiri kwa kuwa nina hatia basi hasira sina haki nayo. Nimejaribu kuizima huku, nikijiambia kosa ni langu, ningenyamaza, ningemwuliza Hemedi. Ni langu. Lakini nani aliyetunga fomu inayomtaka fundi baiskeli aeleze mapema atakachosema na mahali pa kumkuta? Hakuitunga mjinga. Kosa langu nitalibeba mwenyewe, lao sitawabebea.

Kesho ukiipata barua hii, nenda dukani kwa Gulamu. Nunua hata kiberiti. Mwamkie shikamoo kama mzee wako, umuage, umwambie unakwenda chuoni. Usimweleze lolote, wala usimwombee msamaha baba yako. Hemedi pia usimwambie. Ulimi ulioharibu ni wangu, na siwezi kumtuma mtoto akaurekebishe halafu mimi nimejificha kwenye chumvi.

Kwenye fomu, mstari wa kwanza wa wasemaji, andika jina langu. Hilo nakupa ruhusa. Kazi: kibarua. Atazungumza kuhusu kiwanja. Kibali kikija kisije, kuna maneno ambayo nitayasema mbele ya watu, kwamba aliyeandika jina la Hemedi ni mimi na aliyelitaja duka ni mimi. Wakinyamazishwa wote, hilo nitalisema hata nikiwa peke yangu na askari na chungwa lake. Lakini kabla ya siku hiyo Hemedi lazima awe amelisikia kwangu, ana kwa ana, asilipate kwenye kipaza sauti.

Msimamizi nimemwambia asubuhi hii. Amesema nikiondoka kabla mabwawa hayajamalizwa nisirudi, wanaotaka kazi wako wengi. Nimemjibu sawa.

Pole kwa kutokuwepo stendi siku ya kukusindikiza. Ningekuja kesho na lori hili, ila wamezuia malipo ya siku zangu hadi wiki iishe, na nikitoroka hawatanipa hata nauli ya kunifikisha Pangani. Nenda salama mwanangu, na ukiniandikia kutoka Songea, andika kwa anwani ya nyumbani.

Umeandika kwamba mkutano ni Jumamosi ya tarehe kumi na nane. Mimi natarajia kupanda lori la Alhamisi, tarehe kumi na sita, na kama kivuko cha Pangani kinavusha nitafika Makorora kabla ya magharibi. Nitaanzia kwa Hemedi, niende kwa Gulamu, ndipo niingie nyumbani.

Baba yako,
Bakari